Jogoo wa Mnada Ameletwa Kwangu

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya Embu inaingia mpaka kwenye mifupa, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimechoka, na hakuna kazi niliyofanya.

Acha niandike tu, labda nitapumua.

Kanisani kwetu hapa Dallas, mtaa wetu mjini Embu, ibada ikiisha kunakuwa na mnada. Asiye na pesa analeta sadaka ya ndizi, mayai au kuku, mwenye pesa ananunua. Tangu nistaafu ualimu, mimi ndiye nimekuwa nikiufungua kwa kununua kitu cha kwanza. Mzee wa kanisa akikiinua, watu wote wananigeukia. Nikishanunua nasema kwa sauti, "Mpeni mama fulani," mjane anakuja mbele kuchukua, na makofi yanapigwa. Nisidanganye, makofi hayo niliyapenda.

Leo mzee wa kanisa ameinua jogoo mwekundu. "Mwalimu, tufungulie!"

Nikaangalia viatu vyangu.

Pensheni yangu ni ile ile niliyoanza nayo. Dola ilipopanda, ilipanda na kila kitu: mafuta ya kupikia, gesi, dawa zangu za presha. Baadaye redio ikatangaza shilingi imepata nguvu. Wueh! Nilifurahi kama mjinga. Nikaenda kununua dawa, bei nikaikuta pale pale. "Mzee, hii stoki tulinunua dola ikiwa juu," kijana wa duka la dawa akaniambia. Miezi imepita, na sijui hiyo stoki itaisha lini. Nyama tulishaacha, dawa siwezi kuacha. Ningemnunua jogoo yule, ningekosa dawa.

Lakini hayo utayasemaje mbele ya kanisa?

Niliendelea kuangalia viatu. Ndipo Mama Nyaga, jirani yetu, akainua mkono. Ana shamba la majani chai kule Manyatta. Chai inauzwa kwa dola, kwa hivyo wakati dola ilikuwa inaninyonga mimi, bonasi anayolipwa na kiwanda cha chai ilinona. Simwonei wivu. Ai, kidogo namwonea. Alitaja bei ambayo hakuna mtu alijaribu kuipita. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mpeni Mwalimu."

Makofi.

Nilitembea mpaka mbele, nikapokea, nikasema Mungu akubariki, mama. Jogoo alikuwa anapiga mabawa, na mimi sikujua nitazame wapi. Wajane wangu wote wametembea njia hiyo, na sikuwahi kujiuliza walikuwa wanajisikiaje.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Mama Wanja, kwamba jogoo huyu arudi mnadani Jumapili ijayo. Nitasema namtoa sadaka, watu wajue bado mimi ni mtu wa kutoa. Aliniangalia kwanza, halafu akacheka kidogo.

"Umrudishe, umwaibishe mama wa watu? Baba Wanja, weka maji kwa moto tumnyonyoe."

Nikaweka maji.

Nilipanga kuonja tu, kwa hasira. Nimemaliza paja zima. Nikaongeza supu, nikaongeza tena, na mwishowe nikafuta sahani kwa kidole, mzee mzima, mke wangu akijifanya haoni.

Alikuwa mtamu, jamani. Hilo ndilo linaloniuma.