Kipepeo Ndani ya Barafu

Jumamosi, Kasikeu

Eti mpiga picha wa porini! Mutinda, yule wa kikundi chetu cha picha mwenye lenzi ndefu kama mkono wangu, leo asubuhi alinionyesha ujuzi wake. Tulikuwa nyuma ya shamba la mama, ambako maua ya mwituni yamechanua baada ya mvua. Akafungua sanduku la barafu, akatoa kipepeo wa manjano katikati ya chupa za soda.

"Mwalimu, akishapata baridi hasongi," akasema. "Hebu nishikie hilo ua."

Nami nikalishika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Akamweka juu ya ua, akalala kifudifudi, akawa anapiga picha huku akinong'ona kama anayenyemelea chui. Jua likampasha yule mdudu joto, akatikisa mabawa, akaruka.

"Mshike!" Mutinda akapiga kelele.

Sikumshika. Nilimwambia achukue soda zake aende.

Jioni nikakuta picha hiyo mtandaoni, naye ameandika: "Nilimngoja kwa saa tatu." Watu wanampongeza kwa uvumilivu wake. Uvumilivu!

Nimeandika chini yake, kwa jina langu kamili, kwamba kipepeo alitoka kwenye barafu na kwamba nilisaidia. Naogopa kidogo. Wengi pale ni marafiki zangu.