Siendi Kujificha Rujewa

Mwanjelwa,
Mbeya.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa dada Juliana,

Ugonile, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, presha imetulia, na lile goti lako la kushoto limekubali tena kupanda ngazi za kanisani. Shemeji naye hajambo? Na dagaa wa Kigoma bado wanaanikwa mpaka mlangoni kwenu?

Huku Juni imetufikia na baridi yake. Asubuhi natia uzi kwenye sindano vidole vimekufa ganzi. Jofrey yuko Rujewa, mpunga unavunwa na mashine yao ya kukoboa haipumziki, kwa hiyo mume wangu namwona Jumamosi jioni, na Jumatatu alfajiri ameshaondoka. Mwanangu Blessing yuko kidato cha pili na anakula kama watu wawili. Mimi nami ni mzima, au niseme tuko wazima, maana siku hizi nikijisalimia najisalimia kwa wingi.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu hunipi nafasi, dada. Nikianza sentensi unanimalizia, tena unaimalizia unakotaka wewe. Karatasi haikatizwi. Nimemwomba mwanao Edmund, anayerudi kwako Jumanne, akukabidhi mkononi. Mpe chai, mkalishe mbele yako, kisha uisome mpaka mwisho.

Ule ujumbe wako wa sauti niliupata Jumatano nikiwa kazini, pale barazani mwa duka la vitambaa la Hetal ninapoweka cherehani yangu. Kosa langu ni kwamba niliubonyeza bila kuiweka simu sikioni. Wateja watatu na mwenye duka wakakusikia ukitangaza kwamba wakubwa wa ukoo mmekaa na mmeamua. Kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mitatu kubeba mimba wakati binti yake naye kabeba ni aibu. Kwamba niende Rujewa kwa Jofrey nikajifiche mpaka nijifungue. Na kwamba nisikanyage Kihesa, Iringa, kwa binti yangu Goodness, hata siku yake ikifika, kwa sababu mimba ya mama na ya binti zikikutana chini ya paa moja, moja itaimeza nyingine.

Hetal aliacha kupima kitambaa, akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, kwani mimba si ya mume wako?"

"Ni yake."

"Sasa aibu iko wapi? Lete hiyo sketi tumalize, mwenyewe anangoja."

Basi, dada, jibu langu ni hapana. Siendi kujificha Rujewa. Nimeliandika mapema ili usihangaike kulitafuta ukurasa wa mwisho.

Wala usidhani nilipanga. Mwezi wa kwanza ulipopita bila kitu, nilifurahi. Nikasema nimekoma, nimepumzika. Akina mama wa kanisani walishanitajia dalili zake: joto la ghafla, usingizi kukatika, hasira bila sababu. Hasira bila sababu ninazo tangu utoto, unajua mwenyewe, kwa hiyo sikushtuka. Nikanunua unga wa soya, wakisema unasaidia wanawake wa umri wetu. Miezi mitatu nakunywa soya, tumbo linajaa, mimi nasema soya hii inanenepesha kweli. Nikalegeza mishono ya magauni yangu yote kwa mikono yangu mwenyewe! Nilipokwenda kituo cha afya kwa ajili ya kiungulia, muuguzi akanipima, akacheka mpaka akavuta kiti.

Siku ya kwanza ya kliniki wanataka uje na mume. Jofrey alivaa koti lake la harusi, akakaa kwenye benchi katikati ya vijana wa rika la mkwe wake, kichwa ameinamisha kama mtu wa msibani. Muuguzi mwingine akaniita, "Bibi, mwenye kadi yuko wapi?" Nikamjibu kwamba mwenye kadi ndiye mimi, na aandike miaka yangu kwa herufi kubwa. Siku ile ndipo nilipoanza kutembea na tumbo mbele, bila khanga ya kulifunika. Mficha uchi hazai, dada. Mimi ninazaa.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa sana. Wameniambia umri huu ni wa kuangaliwa: presha kila kliniki, sukari, na kujifungulia hospitali, si kituoni. Jioni miguu inavimba viatu vinakataa. Mimba ya Goodness niliibeba huku napanda kilima cha nyumbani Tukuyu na ndoo kichwani. Hii ya sasa, nikitaka kuinuka kwenye cherehani nashika meza kwanza na kuomba Mungu.

Mwili si ule, nakubali. Lakini na mimi si yule. Nilipokuwa na miaka ishirini nilimwogopa kila mtu. Nilimwogopa mama mkwe, nikamwogopa muuguzi, nikakuogopa na wewe. Nilikula nilichoambiwa nikalala upande nilioambiwa. Nikiumwa nilisubiri mtu mzima aseme kama naumwa. Wanasema utu uzima dawa. Mimi dawa hiyo nimeinywa zaidi ya miaka ishirini, na ni chungu, na leo mnataka nijifanye sijapona? Siku hizi nikikasirika najua nimekasirikia nini, na nikiogopa naogopa huku naendelea kushona.

Kilichoniuma kweli si ukoo. Ni Goodness. Nilipompa habari alikata simu, na wiki tatu nzima hakupokea. Nililia, nisikufiche, tena mbele ya Blessing, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake.

Baadaye nilimwelewa. Ana miaka ishirini na mitatu. Ameolewa mwaka jana tu, anajifunza kuwa mke, kuwa mkwe kwa watu wa kabila jingine, na kuwa mama, yote kwa mpigo mmoja. Mara ya kwanza maishani habari kubwa ya nyumbani ilikuwa yake, nami nikaja kuifunika kwa yangu. Alikuwa amenitengea nafasi ya bibi. Sasa akaona bibi mwenyewe anakuja na kitanda cha mtoto kichwani.

Sikumtumia maneno. Nilikata flana ya njano, nikashona nguo za mtoto jozi mbili, kitambaa kimoja na mshono mmoja, nikazituma zote kwa basi la Iringa. Siku nne kimya. Siku ya tano nikaitwa stendi nikachukue mzigo. Jozi moja ilikuwa imerudi, imekunjwa vizuri, na karatasi ya daftari ndani yake: "Mama, hii ni ya huyo wako. Njoo. Mimi naogopa."

Nimeisoma karatasi hiyo mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Iko hapa chini ya mguu wa cherehani ninapokuandikia.

Nikampigia mkwe wake, mama Rozalia, mama yake Crispin mumewe. Unawajua Wahehe kwa adabu. "Kamwene" ya kwanza, ya pili, nikaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za mvua, mpaka nikaanza kutafuta vocha. Nilipomwambia nakuja, akasita. Hakusema nisije. Alisema tu nikifika tutapikiwa kwa sufuria mbili, Goodness yake na mimi yangu, na kwamba ingefaa nisiende nao kwenye sala za jumuiya, maana majirani wana midomo. Sufuria mbili nimezikubali, kwa sababu nyumba ni yake na moto ni wake. Jumuiya nitakwenda. Mimi ni Mlutheri lakini rozari haijawahi kuning'ata, nitakaa nao na kuimba nitaimba.

Jofrey naye nilimweleza kwamba nakwenda Kihesa. Nikajiandaa kugombana, hata maneno nilikuwa nimeshayapanga. Jana kaja na mchele wa Rujewa nusu gunia, akauweka mlangoni, akasema mzazi lazima ale wali wa kueleweka. Maneno yangu yote yakapotea bure.

Tiketi nimekata. Naondoka Alhamisi asubuhi. Goodness bado wiki mbili kwa hesabu ya kliniki, mimi niko mwezi wa sita, na daktari ameniruhusu kusafiri.

Sasa nifike pale ambapo najua hutaki nifike.

Mwaka ule unamzaa Edmund mimi nilikuwa na miaka minane. Wewe ulikuwa na ishirini. Uliletwa nyumbani Tukuyu ili uzae mikononi mwa mama, na mama hakuwepo. Alikuwa na mimba ya Obeid. Wakubwa wa wakati ule walikaa, kama mlivyokaa ninyi, wakasema maneno haya haya ya paa moja na kumezana, wakampeleka Rujewa kwa shangazi akajifiche. Mkunga alikuwepo. Bibi alikuwepo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria ya maji ya moto, nimekatazwa kuingia.

Hukumwita mkunga, dada. Hukumwita bibi. Uliita mama. Uliita tangu asubuhi mpaka jua likapanda na kushuka, na kila ulipoita mimi nilitoka kwenda kutazama njia, labda anakuja. Nilitoka mara nyingi sana. Mkunga alipotangaza kwamba ni mtoto wa kiume, mimi nilikuwa bado nimesimama njiani.

Mama alirudi miezi minne baadaye na Obeid mgongoni. Ulimpokea mzigo lakini mkono hukumpa. Mpaka tunamzika, ninyi wawili mlisalimiana kama wageni waliokutana stendi, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sasa najua kwamba mama naye aliumia kule Rujewa, maana siku ile alikuwa akihesabu miezi yako kwenye vidole. Hakuchagua kukaa mbali. Walimchagulia.

Inua macho umtazame huyo aliyekuletea barua. Mimba gani ilimezwa? Edmund yuko hapo na mabega kama mlango. Obeid yupo na afya yake na kelele zake. Mjomba na mpwa wa mwaka mmoja, wamekua wakigombania baiskeli moja, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Aliyeachwa peke yake siku ile ni wewe. Ndiyo sababu sikuamini masikio yangu nilipoisikia sauti yako, yako wewe kati ya watu wote, ikinituma Rujewa.

Sikuandiki haya ili kukuumiza. Nimekukasirikia, ndiyo, na nimeshona mikono miwili ya gauni upande mmoja kwa hasira hizo. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na wewe ndiye uliyeninunulia cherehani ya kwanza. Kwa hiyo nakuambia ukweli kwa karatasi nzuri, bila kukusema kwenye grupu la ukoo, ambalo kama umeona nimejitoa. Wasinirudishe.

Ukiona vigumu kunijibu, usinijibu. Panda basi uje Kihesa. Benchi la uani kwa mama Rozalia ni refu, na Goodness hajawahi kumkataa mama yake mkubwa. Wewe utamkanda, mimi nitakaa nakuelekeza, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Nisalimie sana shemeji na wajukuu zako wote, na Devota, jirani yako, umwambie kitenge chake kiko tayari. Obeid anakusalimu, na Blessing anasema shikamoo mama mkubwa na anaomba dagaa. Mungu alilinde goti lako na nyumba yako, na awape uzima wote walio tumboni na walio njiani.

Goodness akianza kuita mama, dada, hakuna mtoto atakayetumwa kutazama njia. Nitakuwa pale pale chumbani, na tumbo langu, nikiitika.

Mdogo wako akupendaye hata tukigombana,

Atuganile