Ng'ombe Wetu Aliye kwa Mama Safari

Kwa dada yangu Elizabeti, Masieda.

Sasa hivi Neema amechukua kikombe chake kitupu, akasimama mlangoni akaita, "Mama Safari! Mama Safari!" Na mimi mama yake nimekaa hapa hapa. Ndiyo nikachukua kalamu.

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Paskalina. Mguu wa mama umepata nafuu? Sisi huku Gehandu wazima, ila moyo wangu hautulii. Kwenye simu nisingeweza kusema, maana ukipokea tu nyumba nzima inasikiliza.

Huyo Mama Safari alisoma darasa moja na Baba Neema. Hata sijaolewa, Baba Neema alishampelekea ng'ombe amtunze, kama tunavyofanya kwetu: maziwa ya anayetunza, ndama wa mwenye ng'ombe. Sawa. Lakini kila jioni lazima aende kumwangalia huyo ng'ombe! Nikipita nawakuta zizini wanacheka mpaka machozi. Dada, ng'ombe anachekesha nini? Na mume wa Mama Safari yupo pale pale anachonga mpini, wala hana habari. "Hao toka utoto wako hivyo," ananiambia.

Nikimuuliza Baba Neema, ananijibu, "Na wewe na yule wa mashine ya kusaga? Mnaongea mpaka unga unapoa." Yule anachekesha kila mtu! Sio sawasawa. Au ni sawa? Niambie wewe.

Sasa Jumapili nimekosa. Tulipotoka kanisani nikamwambia Mama Safari mbele ya akina mama, "Ng'ombe wetu tunamtaka nyumbani." Wote wakanigeukia. Unajua mwenyewe, kumrudisha ng'ombe bila sababu ni kusema nyumba hizi mbili basi tena. Yeye akajibu, "Sawa wifi. Njoo na kamba." Wifi! Tangu lini?

Toka siku hiyo yale maziwa aliyokuwa anamletea Neema kila asubuhi hayajaja. Baba Neema hajui, yuko Katesh amepeleka mbaazi, anarudi leo. Akisikia kwa watu kwamba nimemvunjia urafiki wake wa toka shule, atanionaje? Kamba ninayo, imening'inia hapa ukutani. Nikiiangalia naona aibu, nikikumbuka kile kicheko naishika tena.

Mama mpe shikamoo yangu, na shemeji, na shangazi mfuga kuku mwambie sijasahau jogoo niliyemwahidi. Naamini haya yataisha vizuri. Nimefikiri niende kabla Baba Neema hajafika, nimwambie Mama Safari nimekosa, ila na yeye apunguze hicho kicheko...

Ngoja dada, kuna mtu uani. Neema ameshatoka mbio na kikombe. Ni yeye! Ana kibuyu cha maziwa, ng'ombe simwoni. "Wifi, toka basi! Au hiyo kamba nije kuichukua mwenyewe?" Dada, sijui nitoke nimenuna au nikicheka...