Mrushaji wa Kuazimwa

Jumamosi, saa nane mchana. Sharpstown, mtaani kwetu huku ughaibuni. Asubuhi mvua imenyesha kama iliyotumwa, sasa jua limetoka na lami ya pale tunapoegesha magari inatoa mvuke kama sufuria la wali. Imani amelala kwenye kochi, mguu mmoja unaning'inia, mdomo wazi. Baba yake yuko na lori njia ya Dallas, anarudi kesho. Nyumba kimya. Sina kisingizio cha kutoandika.

Nina aibu. Naliandika neno hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Mnaosoma humu mnajua kazi yangu. Namtunza mzee mmoja kule Katy, nitamwita Babu Walter. Anaishi kwa binti yake, Carol, ambaye anashinda ofisini. Namwogesha, nampikia, nampa dawa kwa saa, tunatembea mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Na kwa kuwa mikono yake inatetemeka sana, kuna kazi moja ambayo haimo kwenye mkataba: mimi ndiye vidole vyake kwenye kompyuta.

Babu ana timu ya besiboli. Si timu ya watu. Ni ligi ya kwenye kompyuta, wazee kumi na wawili waliowahi kufanya kazi pamoja, kila mmoja na timu yake, na wachezaji wote, warushaji wa mpira na wapigaji wake, ni wa kubuni, majina na namba tu. Kompyuta inachezesha mechi, sisi tunasoma matokeo asubuhi tukinywa chai. Wanabadilishana wachezaji, wanawalipa mishahara ya pesa ambazo hazipo duniani. Kila timu ina kikomo cha mishahara. Jumapili moja kila mwezi, saa kumi na mbili jioni, mwenyekiti wao anapiga hesabu, na ukiwa umezidisha, unanyang'anywa ushindi. Walianza zamani, enzi za kurusha dadu mezani na kuandika kwenye daftari. Wake zao wengine wamekufa, magoti yamebadilishwa, ligi bado ipo.

Mwanzoni nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Mtu mzima anafokeana na mwenzake kwenye simu kwa ajili ya kijana ambaye hajawahi kuzaliwa!

Halafu nikanogewa. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini nimekulia kwenye genge la mama, Morogoro. Najua nyanya ipi ingoje mpaka kesho na ipi iondoke leo hata kwa hasara. Wachezaji nao ni hivyo hivyo. Siku moja nikamwambia, Babu, huyu mpigaji unamlipa kama fundi mkuu na anafanya kazi ya saidia fundi. Akacheka mpaka nikamshika asianguke kwenye kiti. Tangu siku ile ananiita Meneja.

"Una kichwa kizuri, Meneja."

Jamani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Hata mwalimu. Niliendesha gari kurudi nyumbani na ile foleni yote sikuiona.

Sharti la Babu lilikuwa moja tu. Hakuna mchezaji anayeingia wala kutoka bila yeye kusema.

Sasa naja kwenye lenyewe.

Kazi hii nilitafutiwa na Dada Neema. Yeye yuko Richardson, anamtunza Mzee Earl, rafiki wa Babu wa miaka yote, naye yumo kwenye ligi ile ile. Kwa hiyo Neema naye ni vidole. Jumapili moja mwezi uliopita niliitwa kazini kwa sababu Carol alikuwa na safari na Babu alikuwa na homa. Jioni, Babu amelala, Neema akapiga.

"We Mama Imani, una warushaji wangapi huko?"

"Sita. Na mmoja ananitoa jasho. Huyu Pell mshahara wake ukiingia kwenye hesabu leo, tumevuka kikomo."

"Wangu wawili wameumia bega. Mzee wangu amenuna, hata chai hataki. Niazime Pell."

"Dada, mchezaji anaazimwa?"

"Kwani sufuria haliazimwi? Wiki mbili, shughuli ikiisha nakurudishia na masizi nimeshasugua. Mzee wangu kashakubali. Muulize wako."

"Kalala."

"Mwamshe basi, saa hiyo inakwenda!"

Nilikwenda mpaka mlangoni. Alikuwa analala vizuri kwa mara ya kwanza tangu juzi yake. Zimebaki dakika kumi. Nikarudi kwenye kompyuta, nikamtoa Pell, nikachukua mpigaji mmoja wa bei poa, maana mfumo haukubali utoe bila kupokea. Neema akauliza, Babu amekubali? Nikasema amekubali.

Huo ndio uongo wa kwanza, na nilivyousema ulikuwa mwepesi kama kusema nimeshakula.

Babu alipopona sikumwambia. Nilijiambia ni wiki mbili tu. Alikuwa bado mchovu, mimi ndiye nilikuwa namsomea matokeo, na kila nilipofika palipostahili jina la Pell, nilikohoa na kuendelea mbele.

Wiki mbili zikaisha. Neema ni mwanamke aliyelelewa. Alimrudisha Pell siku ile ile aliyoahidi, nikamrudishia mpigaji wake, na juu ya Pell akaweka kijana mmoja chipukizi, mshahara mdogo, mkono wa ajabu.

Nikampigia. "Huyu wa nini tena?"

"Ah, Mama Imani, chombo kinarudi kitupu? Nikurudishie sufuria bila hata andazi ndani, uniseme kwa watu?"

Tukacheka sana.

Mwenyekiti hakucheka. Kumbe lile ambalo kwetu ni adabu, kwenye ligi ndilo kosa kubwa kuliko yote. Aliandika barua kwa wazee wote kumi na wawili. Kwamba timu ya Walter imeficha mshahara kwa kumkodisha mchezaji, na huyo kijana chipukizi ndiyo kodi yenyewe. Kwamba katika miaka yao yote hakudhani Walter, tena Walter yule wanayemjua, angefanya hivyo. Bila lile andazi la Neema labda asingeshtuka.

Babu alisoma mara mbili. Kisha Mzee Earl akapiga, simu ikawekwa sauti kubwa, nami nimesimama pale na taulo mkononi.

"Walt, mbona unajifanya hujui? Si tulikubaliana kupitia kwa hawa wasichana wanaotutunza? Msichana wako alisema umekubali."

Babu akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniangalia kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Meneja, nilikwambia ukubali?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Nikapumua.

"Ndiyo, Babu."

Hapo ndipo nilipo mpaka leo.

Aliinamisha kichwa. Akamwambia Earl, basi ni mimi, sikumbuki kabisa. Jioni akamwambia Carol. Carol alikwenda kulia jikoni, bomba la maji amelifungulia ili asisikike, na mimi nikamsikia. Akaomba miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, ni wiki ijayo. Akasema labda kompyuta ipumzishwe kidogo.

Tangu siku hiyo Babu amebadilika. Anauliza kama amekunywa dawa, na ameshakunywa, na anajua ameshakunywa, ila hajiamini tena. Ameanza kujiandikia vikaratasi kwa ule mkono unaotetemeka. Nilikiokota kimoja chini ya meza. Kimeandikwa: leo ni Jumatano, nimekula mayai.

Alhamisi akaniita kwenye kompyuta. Akanisomea barua ya kuwaaga wenzake. "Nadhani kichwa changu kimeanza kuniacha. Afadhali niondoke sasa, wakati bado naweza kuwaaga kila mmoja kwa jina." Akawataja wote kumi na mmoja, bila kukosea hata mmoja, kwa mpangilio wa timu zao. Mzee aliyesahau!

Na mimi nikaandika. Kila neno. Nikasahihisha na herufi. Akauliza, inasomeka vizuri? Nikasema inasomeka vizuri. Nikabonyeza ikaenda.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Jibu la haraka ni kazi. Kodi ya nyumba, chekechea ya Imani, kila mtu atanielewa nikisema hivyo. Lakini humu sikuja kueleweka. Ukweli ni kwamba sikutaka kupoteza kile kichwa kizuri. Nilitaka kubaki Meneja. Na ili mimi nibaki na kichwa kizuri, nimemwacha mzee wa watu aamini cha kwake kimeharibika.

Mtu aliyenipa heshima, nimemlipa kwa kumvua ya kwake.

Asubuhi hii nilimpigia Neema nikamweleza yote, mpaka ule uongo niliomwambia yeye. Kisha akaanza.

"Mjinga wewe. Mjinga kabisa. Na mimi ukanitia humo humo."

"Nisamehe, dada."

"Sasa sikiliza. Yameshapita. Wazee wanasahau, asingesahau hili angesahau lingine. Ukienda kujisema, Carol anakufukuza, na mimi niliyekuleta uso naweka wapi?"

"Anaandika vikaratasi, dada. Anaandika amekula mayai."

Nikasikia anavuta makamasi.

"Ningekuwa mimi ningenyamaza," akasema. "Ndiyo maana usiniulize mimi."

Akakata.

Naiacha hii kidogo. Simu iko hapa pembeni ya kikombe.

Saa kumi na robo. Nimepiga.

Nilitaka kungoja Jumatatu nimwambie uso kwa uso, nikaona ni ujanja ule ule, maana mpaka Jumatatu ana vikaratasi vingapi vya kuandika? Akapokea mwenyewe. Nikasema nina jambo, naomba nilimalize kabla hujasema kitu. Kiingereza changu nikiwa na hofu kinatoka miguu juu, lakini nililimaliza. Ile Jumapili. Homa. Dakika kumi. Pell. Kukohoa. Na ile ndiyo.

Nikamsikia anazima televisheni.

"Rudia hapo mwisho."

"Hukuniambia nikubali, Babu. Hukuwahi kusema. Hukusahau chochote. Ni mimi."

"Rudia tena."

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu nilimsikia analia, kile kilio cha wanaume wazee kisicho na sauti, pumzi tu. Nikalia na mimi. Imani akaamka, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule nalia nini. Nikamjibu kwa Kiswahili, mama alisema uongo. Akafikiri kidogo, akaomba juisi.

Babu akajisafisha koo.

"Ulikaa pembeni yangu ukaiandika ile barua."

"Ndiyo, Babu."

"Ukaniuliza nukta iwekwe wapi."

"Ndiyo."

"Carol nitamwambia mimi. Wale wenzangu utawaandikia wewe, kwa jina lako, bila mtu wa kukusahihishia."

"Nitaandika leo."

"Na mimi nitakukasirikia. Nitakukasirikia sana, sijui kama nitakuweka au nitakutoa. Lakini si leo. Leo niache nifurahi kwanza. Njoo Jumatatu."

Akakata, bila kuniita Meneja.

Barua nimeshaituma. Mistari saba. Nimeeleza habari ya sufuria na habari ya andazi, sijui kama wataelewa, lakini nimesema kosa si la sufuria. Kosa ni kwamba sikumuuliza mwenye sufuria, na nilipoulizwa nikadanganya. Nimeandika Walter ana akili timamu kuliko mimi. Makosa ya Kiingereza yamo, nimeyaacha.

Aibu haijaondoka. Nilidhani ukishasema inaondoka, kumbe inakaa, ila sasa inakaa kwangu, mahali pake. Yule mzee usiku wa leo atalala na kichwa chake mwenyewe.

Carol sijui atasemaje. Huenda Jumatatu ndiyo siku yangu ya mwisho kule Katy, na huenda nikarudi hapa nikiwa sina kazi na Baba Imani ananitazama. Hata hivyo naona kuna mlango. Mtu anayekwambia njoo nikukasirikie, bado anakwambia njoo.

Barabara ile asubuhi haitabiriki. Jumatatu nitatoka saa kumi na moja alfajiri, nisije nikachelewa kukasirikiwa.