Fomu Isiyo na Mstari wa Mume

Jumatatu, 4 Juni
Haya, Kimyakimya, daftari langu, shika habari! Nimekuwa mpiga chapa wa hospitali. Mimi! Niliyejifunzia taipu kwenye boksi nililochora herufi, kaka akinicheka eti napiga kinanda cha bubu. Kazi ya kwanza: fomu za kukubali upasuaji, mia mbili. Kanipa Bi Daktari mwenyewe — daktari mwanamke wa kwanza hapa. Wagonjwa bado wanamwuliza, "Nesi, daktari anakuja saa ngapi?" Anawajibu, "Keshafika. Vua viatu, panda kitandani."

Jumanne, 5 Juni
Zimetoka! Wino mpaka kwenye kucha. Bi Daktari kazozana tena na Mkuu wa hospitali, nimesikia yote kupitia ukuta. Mwaka wa pili huu anataka mwanamke atie sahihi mwenyewe, bila kungoja mume. "Tumbo linalopasuliwa ni la nani?" Mkuu: kanuni ni kanuni, na jambo hili halifiki kwenye bodi ya hospitali. Mwezi uliopita mama mmoja fundi cherehani alimngoja mumewe siku tatu ndipo apasuliwe. Kapona, lakini ilibaki kidogo sana afe.

Alhamisi, 7 Juni
Uwiii! Nimeruka mstari! Ule wa "Sahihi ya mume". Kwenye fomu zote!
Nimegundua alipoletwa mama muuza mkaa, anaumwa kidole tumbo, mume hajulikani aliko. Nesi kampa fomu, katia dole gumba, kaingizwa kupasuliwa. Basi! Saa kumi kaamka, anadai chai.
Nikaenda kukiri. Bi Daktari kaisoma fomu mara mbili. Kacheka mpaka kakaa chini. "Ziache hivyohivyo."

Jumatatu, 11 Juni
Wanawake tisa wameshatia sahihi wenyewe! Mmoja kaniuliza, "Hapa tu? Hakuna pengine?" Hapa tu, dada.

Alhamisi, 14 Juni
Limelipuka. Mkuu kaiona fomu. Bi Daktari kamkazia macho: "Mimi ndiye niliyeamuru." Mwongo mkubwa! Halafu kanikonyeza.
Mkuu kaniita pembeni, sauti tamu kama sharubati. "Binti yangu, sema tu ulikosea. Tunachoma hizi, tunachapa upya, yanaisha. Ukisema ni amri yake, nitalazimika kumpeleka bodini."
Bodini! Si ndiko anakotaka kufika miaka miwili? Ila anaweza kutoka huko hana kazi. Mimi pia.
Na kweli nilikosea! Lakini wodini yuko mwalimu, kapangiwa upasuaji kesho asubuhi, mumewe yuko safarini. Fomu zikichomwa leo, atangoja.
Muuza mkaa kaja kutolewa nyuzi, kasikia yote. Kafunua tumbo katikati ya korido: "Kovu langu, dole langu! Mkuu, unataka kulitazama?" Mkuu kakimbia na miwani mkononi!
Sasa nimejificha stoo, nimekalia boksi la bandeji. Viatu vya Mkuu hivyo, vinakuja. Anagonga. "Binti, umeamua?"
Kimyakimya, hebu leo fungua mdomo — ungekuwa wewe, ungemjibu nini?