Kipima Kasi cha Orrin

Jumamosi, 4 Mei

Nimekipiga risasi kipima kasi cha Orrin.

Naandika tena nione kama aibu itapungua: nimekipiga risasi — katikati, mle mle kwenye kioo cha tarakimu. Miaka kumi na minane kile kisanduku cha kupimia kasi ya risasi kimesimama kwenye miguu yake mitatu mbele ya meza ya Orrin Tveit, risasi zake zikipita juu bila kukigusa. Mimi nimekimaliza kwa moja.

Kosa lenyewe la kitoto. Nilitazama kwenye darubini nikaona njia nyeupe mpaka kwenye shabaha. Nikasahau kwamba mtutu uko chini ya darubini, vidole vitatu hivi. Jicho lilipita, risasi haikupita. Pale kwenye uwanja wa shabaha kila mtu ama ameshafanya hivyo ama anasubiri zamu yake, lakini haikunisaidia kitu wakati plastiki inaruka.

Gaylen, msimamizi wetu, akapiga king'ora, tukaweka bunduki chini wote, akaenda kuokota vipande kwa kofia yake. "Poleni wafiwa," akasema. "Marlys, sheria unaijua. Ukikipiga, umekinunua."

Orrin akachukua kipande kimoja kofiani. Kisha: "Angalau umelenga katikati."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Kulia nimekuja kulia kwenye gari, pale kituo cha mafuta. Na wala si kwa ajili ya kisanduku.

Jumapili, 5 Mei

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu.

Tangu Orrin afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, mbali anaona kama mwewe, karibu haoni kitu. Tarakimu za kile kioo kwake ni ukungu mtupu. Avue miwani ya kupigia, avae ya kusomea, arudishe ile ya kwanza — kwa kila risasi? Shavu litoke kwenye kitako cha bunduki, mkao uharibike? Hawezi. Ndiyo maana miaka miwili sasa, kila Jumamosi, nakaa kushoto kwake namsomea kasi ya kila risasi, futi kwa sekunde.

"Elfu mbili mia saba na kumi na mbili."

"Mm."

Naandika. "Elfu mbili mia saba na tisa."

"Mm."

Basi. Hayo ndiyo mapenzi yangu yote. Nina miaka sitini na mitatu. Jumatatu mpaka Ijumaa napika uji na supu jikoni hospitali, na kichwani nahesabu siku za kwenda kusema tarakimu karibu na sikio la mjane wa kiume anayenuka mafuta ya bunduki. Nampenda. Hajui. Joyce wake amekufa mwaka wa nne huu, na sijui kama bado kuna nafasi upande ule.

Jumatano, 8 Mei

Baada ya kazi nimepitia dukani. Twila wa kaunta ya bunduki akanipangia aina tatu.

Ya kwanza ni kisanduku kama kile kile nilichokiua. Bei nafuu. Jua likiwaka sana kinasoma upuuzi, na lazima awepo mtu wa kukiangalia. Ya pili unaifunga kwa mkanda kwenye mtutu wenyewe. Hiyo huwezi kuipiga, lakini uzito wake unahamisha risasi inapotua, na Orrin hafungi kitu kwenye mtutu wake hata uzi.

Ya tatu ni kidude kama pakiti ya sigara. Unakiweka mezani kando ya bunduki, kinaifuata risasi kama askari wanavyopima magari barabarani. Jua, mawingu, kwake sawa tu.

"Na kinaongea," Twila akasema.

"Kinaongea vipi?"

"Unakiunganisha na simu, kinakutajia kasi sikioni. Sauti ya mwanamke, tamu kabisa! Mzee wako hatainua shavu wala kutafuta mtu wa kumsomea."

"Si mzee wangu."

"Mimi nimesema nini? Mzee wako, mteja wako, yule wa kisanduku." Akajifanya anafuta kioo cha kaunta. Anajua. Nadhani wilaya nzima inajua, kasoro mmoja.

Nikamwambia nitafikiri. Nimetoka na jozi tatu za soksi za sufi nisizozihitaji.

Jumamosi, 11 Mei

Leo hatukupima kitu. Baruti aliyoizoea Orrin haiuzwi tena, anaanza upya na nyingine kabla ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, na bila kipimo anabahatisha tu. Upepo nao ulikuwa wa kung'oa kofia.

Kila mtu ana ushauri. Gaylen anataka ninunue ile ya mkanda. Mwingine akasema nisinunue chochote, nimpikie tu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, uso unaniwaka.

Orrin akasema, "Usihangaike, Marlys. Tafuta cha namna ile ile. Kilinitosha."

Cha namna ile ile! Kasema mwenyewe. Moyo uliruka kama wa msichana.

Halafu, huku anapanga maganda yake ya risasi kwenye boksi: "Ningependa kuja katikati ya wiki, asubuhi, upepo umelala. Lakini wewe upo Jumamosi."

Kasema hivyo hivyo, kama mtu anayesema daraja limefungwa. Nimerudi nayo nyumbani hiyo sentensi. Nimeigeuza kila upande. Wewe upo Jumamosi. Ni neno zuri au ni lawama? Miaka miwili huyu mtu anapambana na upepo kwa sababu anamsubiri msomaji wake.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekipata. Mtu wa mji wa Roundup anacho kile kile, mtumba, kisafi, hata rangi ni ile. Nimeongea naye kwa simu, amekubali kuniwekea mpaka Ijumaa.

Ni haki kabisa. Nimevunja hiki, narudisha hiki. Mwenyewe kaomba. Hakuna atakayenilaumu. Jumamosi zitaendelea, elfu mbili mia saba na ngapi, mm.

Lakini najua ninachofanya. Nataka Orrin aendelee kunihitaji kwa sababu haoni. Nimeiandika sasa, naiangalia. Ni kitu kibaya kumtakia mtu, na zaidi mtu unayempenda.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempigia yule wa Roundup, nimemwambia auze.

Nimenunua kinachoongea. Twila alikifunga, akanipa risiti. Mlangoni ndipo aliniita. "Marlys. Una risiti, ukibadili mawazo."

Nimeitupa.

Jumamosi, 18 Mei

Nimempa. Gaylen ndiye aliyekiunganisha na simu. Orrin akaweka kitu sikioni, akavaa vikinga masikio juu yake, akalaza shavu kwenye kitako. Akapiga.

Akanigeukia. Mazoea tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, kalamu mkononi. Kisha akagusa sikio akacheka. "Amesema elfu mbili mia saba thelathini na moja!"

Amesema. Yule mwanamke.

Risasi ishirini. Kila moja namwona anasikiliza, shavu halitoki kwenye kitako, uso umetulia kama wa mtu anayeota jua. Na hili ndilo lililonichoma: alikuwa anamwitikia. "Mm," anamwambia mashine. "Mm."

Simu inaandika yenyewe pia. Nilifunika kalamu.

Alinishukuru mara tatu. Akasema sikupaswa kununua cha ghali hivyo. Akasema, "Hujui umenifanyia nini." Najua sana. Nikasema nina nguo za kufua nikaondoka kabla ya saa nne.

Jumamosi, 25 Mei

Sikwenda. Nimesafisha friji. Simu ililia mara moja: jikoni, wanauliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekuja. Naandikia hapa hapa uwanjani, daftari nimelileta ili nionekane nina shughuli.

Kitabu cha kuingilia, pale mlangoni: Tveit, Jumanne. Tveit, Jumatano. Tveit, Alhamisi. Mwandiko wake ule mkubwa unaotoka nje ya mistari. Nilisimama nalo lile jina hadi mtu nyuma yangu akakohoa.

Gaylen ananiambia bila kuulizwa. "Amemaliza huyo. Alhamisi risasi kumi, tofauti ya kasi futi nane tu. Asubuhi hewa imetulia tuli. Sijui kama tutamwona tena mpaka Septemba."

Nikasema vizuri. Ni vizuri kweli. Nimechagua meza ya mwisho, karibu na uzio. Bunduki yangu ipo kwenye mfuko, sijaitoa. Ndicho nilichomnunulia: asubuhi bila upepo, bila mimi. Sijutii. Nimemmisi.

Saa nne na nusu. Gari lake limeingia.

Amefungua mlango wa nyuma. Anatoa kiti cha kukunja. Nasubiri bunduki — amefunga mlango. Hana bunduki. Hana hata kile kidude.

Anaongea na Gaylen. Gaylen ananyoosha kidole huku.

Anapita meza yetu. Hajasimama. Anakuja kando ya uzio, kiti begani, polepole, anaangalia changarawe chini. Sina la kumsomea. Niweke wapi mikono? Naendelea kuandika kwa sababu sijui nifanye kingine.

Amefika. Anakunjua kiti kulia kwangu, anakaa, anapumua. Anasema Jumamosi iliyopita alikuja na kiti changu kilikuwa kitupu. Siinui uso. Anauliza hizo ni tarakimu za nani ninazoandika wakati hakuna aliyepiga risasi. Nasema si tarakimu.

Anasogea, anaangalia ukurasa huu, macho ameyafinya, na najua haoni kitu.

Anasema, "Nisomee."