Zimwi Linalopiga Mluzi

Mwimbi,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na baba naye, na mifugo yote huko bondeni Milepa. Sisi ni wazima, ila baridi ya huku mlimani inatafuna. Nimeandika kwa sababu simu ya kaka Maganga husikilizwa na kaya nzima, na haya ni yako peke yako.

Mama, ndoa ni tamu! Basil akirudi Jumamosi kutoka kwenye useremala wake kule Chanji, huishika mikono yangu na kuipuliza ipate joto, mbele ya mama yake, bila haya. Mama mkwe hujifanya anaangalia kuku. Nampenda mpaka nacheka peke yangu. Lakini Jumatatu huondoka, na nyumba inakuwa kubwa mno.

Wanawake wa hapa hulima kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakifukia majani ndani ya matuta. Nililima kwa wote. Ilipofika zamu yangu, alikuja mama mkwe tu. Wengine walisema wanaumwa, wengine wana wageni.

Kisha Jumamosi moja nilikwenda kuchota maji, na kwa furaha ya kumngoja Basil nikapiga mluzi, ule wetu wa kutoa ng'ombe zizini. Watoto waliokuwa mbele yangu walitupa ndoo wakakimbia, wanapiga kelele, "Limekuja! Limekuja!" Nilidhani wameona nyoka.

Wifi yangu Cornelia alizungukazunguka sana kabla ya kuniambia. Watoto wa hapa hulazwa kwa hadithi ya zimwi la bondeni. Huja huku juu na vumbi likipiga mluzi, lina miguu mingi isiyohesabika, na likipita, mwenye shamba huamka hana pa kupanda ulezi.

Sikuuliza zaidi, mama. Ni sisi hao, na ng'ombe wetu.

Nisiwalaumu. Na wewe ulitutisha kwa mtu wa mlimani anayetuma radi iue ng'ombe. Basi nimeolewa mlimani, na radi ya kwanza ilipopiga nilimkuta mama mkwe chini ya blanketi na rozari yake, anatetemeka kuliko mimi.

Ananipenda, hunifichia maini. Ila msimulizi wa zimwi hilo ni yeye. Jioni hupiga mluzi kwa meno, wajukuu wanajificha mgongoni kwake. Akiniona mlangoni hukohoa, akaanza habari za sungura. Nami hukaa upande wangu wa moto, na hakuna mtoto anayesogea.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Nina mimba. Basil amelia, amecheka, ameanza kuranda mbao za kitanda. Mama mkwe bado hajui. Nitamwambia leo, na papo hapo nitamwomba wa kunitunza nikijifungua awe wewe.

Njoo, mama. Njoo na shuka lako jeusi na bangili zako, ukae hata msimu mzima. Mwanangu atalazwa kwa hadithi za nyumba hii, siwezi kuzizuia. Ila sitaki asikie habari zako humo kabla hajakuona.

Wape salamu baba na kaka Maganga, nawe ujifunike vizuri njiani.

Mwanao akupendaye,
Minza, mke wa Basil (bado naona raha kuliandika hilo).